Binti anataka filamu, baba yake anataka kompyuta: nitie sahihi fomu ipi?

BARUA

Assalaam aleikum, Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Malindi, napika chakula cha shughuli. Nakuandikia kwa sababu ya binti yangu wa pili. Yuko Gredi ya 9, na juzi shule ilituita wazazi kutueleza habari za kuchagua mikondo, yaani makundi ya masomo, ya sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12). Nilitoka kwenye mkutano ule nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoingia.

Mtoto huyu tangu nimpe simu yangu ya zamani hatulii. Nikipeleka chakula harusini huja nami, na mimi nikipakua yeye huwa anarekodi: kupamba, hina, kina mama wakicheza. Usiku anakaa na CapCut yake, anakata, anaunganisha, anatia nyimbo na maandishi. Kina mama walipoziona zile video wakaanza kumwita kwenye shughuli zao. Sasa analipwa. Si nyingi, lakini viatu vya shule vya mwaka huu amejinunulia mwenyewe. Anataka aende mkondo wa Sanaa, asome somo la Tamthilia na Filamu.

Baba yake ni dereva Doha, na hilo hataki kulisikia. Anasema kule anawaona watu wa kompyuta wanavyoishi, kwa hivyo mtoto aende STEM, ule mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na Hisabati, achukue somo la Kompyuta, na akikubali atamletea laptop. Binti naye anajibu kwamba kompyuta na video ni kitu kimoja, sasa kwa nini asisome video moja kwa moja? Kaka yangu ndiye aliyetutilia mchanga kitumbua kabisa. Anasema siku hizi akili unde inaandika programu na kutengeneza video yenyewe, kwa hivyo hayo yote mawili ni kupoteza wakati, msichana asomee uuguzi.

Shule ya kutwa iliyo karibu nasi ina somo la Kompyuta. Iliyo na Tamthilia na Filamu ni ya bweni na iko mbali, ni safari ya siku nzima. Hisabati yake ni ya katikati, si mbaya wala si ya kujisifu. Mimi niliishia darasa la nane na maneno haya ya mikondo siyajui, lakini fomu itakuja kwangu niitie sahihi. Nifanye nini?

Mama wa Malindi

JIBU

Waaleikum salaam, mama. Pole na msukosuko, na hongera kwa kulea mtoto anayejua anachokipenda akiwa bado Gredi ya 9. Wengi wa wanaokuja kwangu na fomu hizi hawajui, wanamfuata rafiki.

Nianze na hoja ya binti, kwamba kompyuta na video ni kitu kimoja. Sicho. Somo la Kompyuta la Gredi ya 10 lina sehemu kuu tatu: mifumo ya kompyuta yenyewe, mitandao, na uundaji wa programu. Atasoma prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inafanya nini, data inakaa wapi, kompyuta mbili zinazungumzaje, halafu aingie kwenye kuandika programu: hatua za kutatua tatizo, masharti, marudio, orodha za data. Inawezekana muhula upite bila kugusa picha hata moja. Mimi nimefundisha somo hili, na kila mwaka huwapata wanafunzi waliokuja wakitarajia kutengeneza mabango na video, wakakutana na hesabu za sifuri na moja. Wengine wananuna mpaka mwisho wa mwaka. Sitaki binti yako awe mmoja wao kwa sababu ya laptop ya kuahidiwa.

Na baba yake naye mwambie, kwa upole kwa sababu yuko mbali na anawatakia mema, kwamba cheti cha somo hili peke yake hakijamwajiri mtu. Chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao KCSE yake ya mwisho, mtihani wa kumaliza sekondari, ni ya 2027, somo la Kompyuta lina karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo na mradi. Mradi ule ndio hasa kazi: mwanafunzi anajenga mfumo mzima wa kuweka kumbukumbu za biashara au taasisi fulani. Aliyeujenga kwa mikono yake alitoka na kitu. Aliyekwenda kununua mradi uliokwisha kutengenezwa kwenye saiba alitoka na gredi tu, na chuoni akaanza alifu. Wanaolipwa vizuri huko Doha ni wale waliokaa na programu zao usiku zikikataa, asubuhi wakarudi tena.

Sasa Hisabati, na hapa naomba usome polepole, maana nadhani ndipo palipokupita pale mkutanoni. Mwanafunzi wa sekondari pevu anasoma masomo saba. Manne ni ya lazima kwa wote: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na somo la huduma kwa jamii. Matatu yaliyobaki ndiyo anayoyachagua, na hayo ndiyo yanayofuata mkondo. Lakini Hisabati yenyewe ni za aina mbili. Anayekwenda STEM anasoma ile nzito. Wa Sayansi za Jamii na wa Sanaa na Sayansi ya Michezo wamewekewa nyepesi zaidi. Fomu inaonekana kama inauliza «kompyuta au filamu?», kumbe chini yake inauliza pia «Hisabati ipi?». Swali hili la pili ndilo gumu kulirudia baadaye. Mtu aliyesoma filamu anaweza kujifunza kuandika programu akiwa na miaka ishirini na tano, wako wengi. Lakini kuomba shahada ya sayansi ya kompyuta bila Hisabati ya kutosha ni kwenda kugonga mlango uliofungwa kwa ndani. Upande wa pili hauna kufuli la namna hiyo: aliyetoka STEM anaweza kuomba nafasi kwenye vyuo vya utangazaji na filamu, na kazi zake za mkononi zitamtetea kuliko jina la mkondo.

Hii haina maana kwamba nimekwisha kuamua aende STEM. Mtoto anayeangushwa na Hisabati nzito kwa miaka mitatu hatoki na mlango wowote. Hisabati ya katikati inaweza kupanda na inaweza kuzama. Nenda kamwulize mwalimu wake wa Hisabati, si mwalimu wa darasa, swali moja: akikosea, huwa anarudi kuuliza kwa nini? Anayerudi kuuliza ataimudu. Na kama mtakubaliana aende Sanaa, ulizeni shule mapema iwapo inamruhusu mwanafunzi wa mkondo huo asome Hisabati ile nzito.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye barua yako, nalo mimi ndilo lililonikaa kichwani. Shule za bweni haziruhusu simu. Binti yako kila anachokijua amekijua kwa simu ile, kwa kurekodi Jumamosi na kukosolewa na kina mama Jumapili. Umpeleke bweni, umtoe kwenye harusi na umnyang'anye kamera, eti akasome filamu! Hilo lina maana tu kama shule yenyewe ina kamera, maikrofoni na kompyuta za kuhariria, na wanafunzi wanazitumia. Zipo shule za namna hiyo. Zipo pia ambazo somo limeandikwa kwenye orodha, na darasani ni kuchora kamera ubaoni. Kabla ya kulipa nauli ya siku nzima, piga simu kwa mwalimu mkuu uulize vifaa ni vingapi na nani anafundisha. Mwenye navyo atakutajia kwa fahari. Asiyekuwa navyo ataanza kukueleza mipango.

Shule ya kutwa nayo usiiamini kwa sababu iko karibu. Nenda mwenyewe siku ya masomo, ujitie unauliza karo. Omba kuona maabara ya kompyuta. Tazama kama mashine zimefunikwa vumbi au zimewashwa. Uliza kama mwalimu amesomea Kompyuta au ni wa Fizikia anayesaidia, na maabara inafunguliwa baada ya vipindi au inafungwa saa ya mwisho ikilia. Halafu angalia jambo ambalo wazazi hawaangalii: wanafunzi wakiwa wawili au watatu kwa mashine moja, nani ameshika kibodi? Mara nyingi ni mvulana, na msichana yuko pembeni ananakili kwenye daftari. Mwalimu mzuri huwabadilisha kwa zamu. Ukiwaona wasichana nao wameshika kibodi, shule hiyo ina mtu.

Kuhusu kama binti anaweza kuipenda kazi ya programu, hakuna haja ya kubishana, mjaribu. Likizo hii ya shule inatosha. Python ni lugha ya kuandikia programu, ni ya bure, na ziko programu za bure za simu za Android zinazoiendesha, hahitaji kungoja laptop. Mpe kazi inayotoka jikoni kwako: aandike programu inayouliza idadi ya wageni, inayouliza bei ya sahani moja ya biriani, itoe jumla, kisha jumla ikizidi bajeti ya mwenye harusi iseme «Punguza wageni», isipozidi iseme «Karibuni». Ni mistari isiyozidi kumi. Atafuata mafunzo ya bure ya mtandaoni, na bila shaka mara ya kwanza itakataa, kwa sababu atasahau kugeuza jibu lililoandikwa kuwa namba, au atasahau nukta mbili mwisho wa mstari wa sharti, au nafasi za mwanzo wa mstari hazitalingana. Python ina maringo juu ya nafasi hizo. Wewe usiangalie kama programu imefanya kazi. Mwangalie yeye wakati imekataa. Akiitupa simu na kusema upuuzi, umepata jibu. Akiinama, akasoma ule ujumbe wa kosa, akabadilisha kitu kimoja, akajaribu tena, ukamwitia chakula kikapoa, basi baba yake hakukosea sana.

Na akifaulu, mpe ya pili iliyo karibu na moyo wake zaidi. Simu yake imejaa klipu zenye majina ya namba tupu. Aulize jinsi ya kuandika programu ya kuyabadilisha majina yote kwa mara moja, tarehe ya shughuli mbele, jina la ukoo nyuma. Anayehariri video anajua uchungu wa kutafuta klipu moja kati ya mia. Hapo ndipo watoto wa video wanapoanza kuiona programu kuwa ni mtumishi wao, si somo la baba.

Isitoshe, kazi hizi mbili hukutana nje ya shule. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ikiwaka moto, kundi dogo la wanablogu na waandishi wa programu akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walitengeneza Ushahidi mwanzoni mwa 2008. Watu walituma habari za yaliyokuwa yakitokea mtaani kwao kwa ujumbe wa simu au kwa mtandao, na habari zikatokea kwenye ramani. Ilikuwa ni kazi ya habari na kazi ya programu kwa pamoja, na baadaye ikatumika katika nchi nyingine, Haiti ikiwemo baada ya tetemeko la 2010. Okolloh amesomea sheria. Kobia ndiye aliyekuwa mwandishi wa programu. Mwonyeshe binti.

Ungeniuliza uso kwa uso ningekwambia hivi: kama jaribio la biriani limekwenda vizuri, na mwalimu wa Hisabati hajatikisa kichwa, na maabara ya ile shule ya kutwa ina uhai, mwandikishe STEM katika shule hiyo, achukue Kompyuta, na mwisho wa wiki aendelee na harusi zake kama kawaida. Atasoma asichoweza kujifundisha mwenyewe, na anachojifundisha mwenyewe hakitakatizwa. Angalia pia orodha ya michanganyiko ya masomo ambayo shule hiyo inatoa, uone kama upo unaoweka Kompyuta pamoja na Sanaa ya Uchoraji au na Biashara, kwa sababu si kila mwanafunzi wa Kompyuta lazima abebe Fizikia na Kemia. Kama jaribio limeshindikana, na lile la maabara limeshindikana, mruhusu aende Sanaa bila kinyongo, mradi shule iwe na vifaa. Nisichotaka ni ile njia ya tatu ambayo familia nyingi huishia: mtoto anaandikishwa Kompyuta ili baba aridhike, simu inafungiwa kabatini ili asome, na baada ya mwaka mmoja hana hili wala lile.

Kumbuka pia kwamba nafasi hazigawiwi na mzazi. Waliotangulia kufanya KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwaka 2025, walichagua shule 12, tisa za bweni na tatu za kutwa, na kuwekwa shuleni kulitegemea mkondo waliouchagua na alama zao. Alama hizo ni asilimia 60 za KJSEA yenyewe, asilimia 20 za tathmini za shuleni na asilimia 20 za ule mtihani wa Gredi ya 6. Kwa hivyo anayetaka shule fulani aweke shule kadhaa za aina ile ile, asitegemee moja. Na msijaze fomu mkitegemea kwamba mtabadilishiwa baadaye. Kuhama shule ni shughuli ya barua na safari za ofisini, nawe una masufuria jikoni.

Kuhusu laptop, baba asiifanye hongo. Aseme ataileta, kwa mkondo wowote. Ikiwa ni ya kuandika programu, mashine ya kawaida yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi, inatosha, na zile za ex-UK, zilizotumika Uingereza, madukani Mombasa zinafanya kazi vizuri kuliko mpya ya bei ya chini yenye diski ya GB 64, ambayo hujaa ndani ya wiki. Ikiwa ni ya kuhariri video ndipo atahitaji RAM zaidi na nafasi zaidi. Asisimame Doha akinunua kwa rangi.

Kaka yako nimjibu kwa ufupi. Ni kweli akili unde inaandika programu na inatengeneza video. Ndiyo maana hoja yake haisaidii kuchagua kati ya viwili hivyo: inavipiga vyote sawa. Mashine inapoandika programu yenye kosa, anayeliona kosa ni aliyewahi kukosea mwenyewe. Uuguzi ni kazi ya heshima, lakini mtoto hajasema popote kwamba anautaka.

Binti yako mwenyewe hajaona bado thamani ya soko alilolishika. Kwenye harusi zetu za pwani upande wa kina mama mwanamume mwenye kamera haingii. Siku ya kupamba, nyumba nzima imejaa, bibi harusi amepambwa kwa pesa nyingi, na mara nyingi hakuna wa kurekodi ila shangazi mwenye simu inayotikisika. Msichana anayejua kazi, mwenye adabu na anayeaminika, ana uwanja usiogombaniwa. Lakini uaminifu huo ndio mtaji wenyewe, na hapa nina wasiwasi naye kuliko ninavyohofia mkondo wowote. Klipu moja ya kina mama wakiwa hawajajitanda, ikiponyoka kwenye status, biashara imekwisha na majirani mmewapoteza.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa data yake binafsi. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo, mkondo wowote atakaokwenda, aanze wiki hii: video ya mteja ikikabidhiwa inafutwa kwenye simu, haiwekwi kwenye TikTok kuonyesha ustadi, na ya kuonyesha ustadi arekodi mapambo, vyakula vyako na mikono yenye hina. Aandike karatasi fupi ya makubaliano, nani atapewa video, itafutwa lini, bei ni ngapi, na mama wa bibi harusi atie sahihi siku ya kulipa arubuni. Kwa kuwa bado ni mtoto, upande wenu utie sahihi wewe.